Tiketi ya Kurudishiwa

Baridi alikuwa anaogopa kutolewa figo, na hakumwambia mtu.

Figo hiyo ilikuwa ya kumpa mdogo wake wa kike, mshonaji, ambaye zake zote mbili zilikuwa zimekufa. Mara tatu kwa wiki mdogo wake alikaa kwenye kiti cha hospitali saa nne nzima, damu ikitoka kwa mrija wa shingoni, ikipita kwenye mashine, ikirudi. Akitoka hapo alikuwa hawezi hata kutunga uzi kwenye sindano. Madaktari walisema hivi ataenda mwaka, labda miwili, lakini si zaidi. Wakapimwa watu. Mama yao ana presha, akakataliwa mlangoni. Mume wa mdogo wake, mwalimu wa hesabu, damu yake haikupatana. Ya Baridi ikapatana.

Siku ya majibu walimkumbatia wote, mmoja mmoja. Yeye akacheka kuliko wote, akasema, "Nilijua tu. Spea zangu ni orijino."

Jina la Baridi alipewa kwa sababu ya kazi. Alikuwa fundi wa friji, mtu wa miaka arobaini na sita, aliyeachana na mkewe zamani na kurudi kuishi na mama yake. Baadaye jina likamkaa kwa sababu nyingine pia: hakuna aliyewahi kumwona amepandisha hasira. Mteja akifoka, yeye hufungua skrubu. Watu walisema mtu huyu hana moto hata kidogo. Hawakujua kuwa tangu siku ya majibu alikuwa hali akashiba, na kila akikaa peke yake mkono wake wa kushoto ulikwenda wenyewe ubavuni, ukapapasa, kama mtu anayetafuta pochi sokoni.

Aliyemharibia ni daktari, tena kwa nia njema. Alimwambia, "Usiwe na wasiwasi. Katika watu elfu tatu wanaotoa figo, anakufa mmoja tu."

Baridi alikuwa ametengeneza friji kwa miaka ishirini na tano. Alipiga hesabu njia nzima ya kurudi nyumbani: friji mbili au tatu kwa wiki, mwaka hadi mwaka. Ilikuja kama elfu tatu. Na katika hizo elfu tatu, moja ilimlipukia usoni. Alikuwa amefanya kila kitu kama siku zote, hakukosea hata nati moja, na kompresa ikapasuka. Kwa hiyo daktari aliposema mmoja katika elfu tatu, Baridi hakusikia kitu kidogo. Alisikia kitu anachokijua, kilichowahi kumjia.

Hospitali ya kupandikiza ilikuwa nchi nyingine. Shemeji aliuza kiwanja. Barua ikaja: mgonjwa na mtoaji wote wawili wawe hapo Ijumaa saa mbili asubuhi kwa vipimo vya mwisho, upasuaji Jumanne inayofuata. Asiyefika Ijumaa, nafasi inapewa watu wengine.

"Wewe ndiye wa kwenda kukata tiketi," Shemeji alimwambia Baridi, akimhesabia noti mezani. "Mimi wakiniona na miwani hii wanapandisha bei."

"Wakikuona na kichwa hicho, sema. Miwani haina kosa."

"Milioni mbili, laki nane na elfu themanini. Watu watatu, tiketi za bei nafuu na bima ya safari. Nimeshapiga simu, bei ndiyo hiyo. Usiniletee chenji wala upungufu."

"Sawa, mwalimu. Na adhabu yangu nikikosea?"

"Utapiga magoti kwenye kokoto."

Mdogo wake alicheka kutoka kwenye cherehani. Kicheko chenyewe kilimkatisha pumzi, akashika ukingo wa meza mpaka kikapita.

Ofisi ya tiketi ilikuwa na viti sita vya plastiki, feni moja, na kalamu iliyofungwa kwa kamba ili isiibiwe. Dada wa tiketi alikuwa mwanamke mnene wa sauti ya taratibu, miwani imening'inia kifuani. Kompyuta yake iliwapa wateja mgongo, hivyo ulichoona ni uso wake tu ukisoma mambo yako.

"Za bei nafuu zipo," alisema. "Laki tisa kwa kichwa, kwenda na kurudi baada ya wiki sita. Lakini hizi ukishalipa umelipa. Usiposafiri, pesa imekwenda. Ndiyo maana watu wanaongeza bima, elfu sitini."

"Bima inafanya nini?"

"Unarudishiwa ukishindwa kusafiri."

"Kushindwa kwa namna gani?"

"Umeugua ghafla. Umevunjika. Umefiwa na mtu wa karibu. Nyumba imeungua."

"Mdogo wangu ni mgonjwa wa figo. Akizidiwa kabla ya safari?"

Dada wa tiketi alitikisa kichwa. "Ugonjwa aliokuwa nao kabla ya kulipia haumo. Akizidiwa na figo hawalipi. Akiteleza bafuni wanalipa."

"Kwa hiyo aombe kuteleza bafuni."

"Usinitazame hivyo, kaka. Mimi sikuiandika, naiuza tu."

Baridi aliitazama kalamu iliyofungwa kamba. Kisha akauliza, kama anauliza saa, "Na mtu akighairi?"

"Kwa nini?"

"Hakuna kwa nini. Ameghairi."

"Bima inataka karatasi, kaka. Karatasi ya daktari, karatasi ya kifo, karatasi ya polisi. Kughairi hakuna ofisi inayokutolea karatasi yake." Alivaa miwani, akagonga kompyuta kidogo. "Mtu wa kughairi anachukua tiketi ya kurudishiwa. Hiyo haina haja ya bima."

"Hiyo haiulizi?"

"Haiulizi. Ukilipa taslimu, unakuja hapa hata saa sita kabla ya ndege, unasema sisafiri, tunakata elfu hamsini, unachukua chako unaondoka. Hata usoni hatukutazami."

"Bei?"

"Milioni moja na laki sita."

Baridi alisema atarudi, akatoka, akasimama kwenye kivuli cha ukuta. Aliijua hesabu bila kuipiga. Tatu za namna hiyo hazipatikani hata wauze kitanda. Lakini kwa moja, yake peke yake, pesa zilipungua laki sita na elfu arobaini tu. Akajiambia kuwa ni tahadhari tu. Fundi yeyote mwenye akili haanzi kazi bila kujua swichi ya kuzimia iko wapi, na kujua ilipo si kusema utazima. Aliyasema haya moyoni mara mbili, tatu, na kila mara yalisikika vizuri zaidi.

Alikwenda karakana, akabeba pampu yake ya kuvuta hewa. Fundi wa friji asiye na pampu hiyo hawezi kutia gesi, na asiyeweza kutia gesi amebaki kufuta vumbi. Aliiuza kwa fundi mwenzake wa barabara ya pili.

"Unaacha kazi?" mwenzake aliuliza, akiizungusha mkononi.

"Nanunua nyingine."

"Nyingine ipi iliyo nzuri kuliko hii?"

"Lipa au nirudi nayo."

Mwenzake alilipa laki sita. Elfu arobaini Baridi aliitoa mfukoni mwake.

Dada wa tiketi alipoona mbili za nafuu na moja ya kurudishiwa, aliinua macho. "Nikwambie jambo. Aina mbili hazikai kwenye nambari moja ya safari. Hao wawili wana yao, wewe una yako. Kampuni ya ndege ikibadilisha kitu, haijui kuwa ninyi ni familia."

"Sawa," alisema Baridi. Alilisikia neno hilo kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Siku tano tu kabla ya safari, simu ya Shemeji ililia, na ya Baridi ikafuata. Ndege ya Jumatano imefutwa. Ujumbe wa Shemeji ulisema abiria wawili wamehamishiwa Jumanne. Ujumbe wa Baridi ulisema amehamishiwa Alhamisi.

"Mbona sisi Jumanne na wewe Alhamisi?" Shemeji aliuliza.

"Kompyuta zao hizo."

"Kompyuta haikosei hivi hivi. Nambari yako ya safari ni tofauti." Shemeji alivuta bahasha, akapanga karatasi mezani kama anasahihisha mitihani. "Na vyeti vya bima naona viwili. Cha tatu kiko wapi?"

"Ninacho mimi. Kwani unataka na chupi yangu uihesabu?"

"Nataka cheti."

"Nitakuletea."

Shemeji alipiga simu kwa dada wa tiketi akitaka wote wasafiri pamoja. Jumanne imejaa. Na kuwasogeza wawili hadi Alhamisi haiwezekani kwa sababu ya mgonjwa: Alhamisi ndiyo siku yake ya kusafishwa damu kule, imeshapangwa. Shemeji akakata simu, akaandika kitu kwenye daftari. "Si neno. Alhamisi usiku unaruka, Ijumaa alfajiri umetua, saa mbili uko hospitali. Inatosha. Ila usilale uwanjani."

"Nitakula kahawa nzima nzima."

Mdogo wake hakucheka. Alikuwa ameacha kushona tangu neno la cheti lilipotajwa. Baridi alipotoka alimfuata hadi mlangoni, polepole, mkono ukutani.

"Kaka."

"Naam."

"Tiketi yako ni ya namna gani?"

"Ya kawaida."

Alimtazama. Shingoni plasta nyeupe ilishika mrija, na ngozi ya kando yake ilikuwa imekwaruzika kwa kuibandua na kuibandika. "Mwalimu anafikiri kila kitu ni hesabu," alisema. "Ukiwa na neno la kusema, niambie mimi. Usimwambie yeye."

"Neno gani?"

"Lolote."

Hapo hapo Baridi angeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi, mtu ni yule ambaye yeye Baridi alimbeba mgongoni akiwa mtoto, na neno lenyewe ni moja tu. "Nenda kashone," alimwambia. "Wateja wako watakuja kudai suruali mahakamani."

Jumanne aliwasindikiza uwanja wa ndege. Mdogo wake alisukumwa kwa kiti cha magurudumu, koti limemzidi, miguu imevimba ndani ya kandambili kwa kuwa viatu vilikuwa haviingii tena. Kwenye mlango ambao msindikizaji haruhusiwi kupita, Shemeji alikuwa anagombana na mizani ya mizigo. Mdogo wake alimshika Baridi kidole kimoja, cha shahada, akakiminya.

"Alhamisi," alisema.

"Alhamisi."

Wakaingia.

Kuanzia hapo woga ulikosa mtu wa kuuzuia. Mbele za watu Baridi alikuwa na mizaha, na mizaha ilikuwa kazi. Sasa kazi ikaisha. Jumatano alikwenda karakana kwa mazoea tu, maana bila pampu hakuwa na la kufanya. Friji moja ya mteja ilikuwa imewashwa kwa majaribio, inanguruma kwenye kona. Alikaa karibu nayo na kikombe cha chai. Kompresa ikazima yenyewe, kama zinavyofanya zote baridi ikitosha. Baridi aliyajua hayo kuliko mtu yeyote mtaani. Hata hivyo aliusikiliza ule ukimya. Akaanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu. Akafika mia mbili na friji haijawaka. Alipofika mia tatu alisimama, akapiga ubavu wa friji kwa kiganja, na chai ikamwagika. Ikawaka.

Aliona wazi jinsi itakavyokuwa. Watamlaza. Watamfunika kitu puani na kumwambia ahesabu. Atahesabu, atafika tano au sita, na hakutakuwa na mtu wa kumpiga ubavuni awake.

Alhamisi asubuhi saa tatu alitoka na begi lake. Mama alimwekea mkono kichwani. Ndege ilikuwa saa nne usiku. Baridi alikwenda moja kwa moja ofisi ya tiketi, akakaa kwenye kiti cha plastiki, mtu mmoja mbele yake. Alijitia anasoma tangazo ukutani. Zamu yake ilipofika aliweka tiketi mezani.

"Sisafiri."

Dada wa tiketi alikuwa amesema hawatazami watu usoni, lakini alimtazama. "Una hakika, kaka? Nikibonyeza hapa kiti kinaondoka, na ndege hii ina watu wanaosubiri kiti."

"Umesema hamuulizi."

"Siulizi. Nakwambia."

"Bonyeza."

Alibonyeza. Akahesabu noti mara mbili: milioni moja, laki tano na elfu hamsini. Baridi alizitia ndani ya bahasha na bahasha ndani ya shati. Nje jua lilikuwa zuri, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi pumzi ilishuka hadi chini. Alinunua andazi, akalila lote amesimama, akanunua jingine. Alitembea kama mtu aliyetoka jela. Hali hiyo ilidumu urefu wa mitaa mitatu. Mtaa wa nne akaanza kutafuta cha kumwambia Mama, na kila alichokipata kilikuwa na tobo.

Mama alikuwa kitandani kwake, anakunja nguo. Alimwona na begi, akaendelea kukunja.

"Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu."

Mama alitazama mahali ambapo bahasha ilivimbisha shati. "Wamekurudishia yote?"

Baridi alikaa chini, kwenye sakafu, mgongo mlangoni. "Nani alikwambia?"

"Nimekuzaa mimi. Unadhani hiyo cheka-cheka yako ya mwezi mzima nilikuwa siioni?" Alikunja nguo nyingine, akaipapasa. Mikono yake ilikuwa thabiti, na uthabiti huo ulimtisha Baridi kabla hajajua kwa nini. "Kaa hapa. Nitampigia simu mwalimu. Nitamwambia umeanguka presha njiani, wamekulaza. Au nitasema pasipoti imekataliwa. Lolote wanaloweza kuamini nitalisema mimi. Wewe usishike simu."

"Mama."

"Usiniite hivyo kama nimefanya kosa. Wanangu wawili mnalazwa siku moja, mnapasuliwa siku moja. Mimi nikae hapa nisubiri simu moja au mbili? Tangu siku ya majibu nalala macho wazi." Kisha akasema kwa sauti ile ile, kama anayezungumzia bei ya mkaa, "Kumkosa mmoja nimeshaanza kujizoeza. Wawili siwezi."

Hapo ndipo Baridi alipoona nguo alizokuwa anakunja. Zilikuwa magauni ya mdogo wake, yale ya tangu hajaolewa, yamepangwa makundi mawili: ya kugawa, na ya kubaki.

Mwezi mzima alikuwa akijiona amelala kwenye ile meza, yeye tu, na taa juu yake. Hakuwahi kumwona mdogo wake pale. Sasa alimwona amekaa hospitali ya ugenini, kandambili miguuni, anatazama mlango, na huku nyuma mama yake mzazi anagawa nguo zake. Asingeuawa na ugonjwa tu. Angeuawa na yeye, Baridi, na bahasha yake.

Usiseme alipata ujasiri. Hakupata. Woga ulikuwa ule ule, uzito ule ule, ila uligeuka upande wa pili, kama mzigo unavyohama kwenye toroli, na uliposhukia ndiko ukamvutia.

"Zirudishe kabatini," alimwambia Mama.

"Kaa, mwanangu."

"Zirudishe, Mama. Nguo za mtu aliye hai hazikunjwi hivyo."

Mama alimshika mkono wa shati. Aliushika kwa nguvu ambayo hakujua kama bado anayo, na Baridi ilimbidi afungue vidole vyake kimoja kimoja. Hilo ni jambo ambalo hawajalizungumza hadi leo.

Alirudi ofisini mbio, begi likimpiga mgongoni. Ilikuwa saa nane na robo. Dada wa tiketi alipomwona aliinua mkono kabla hajafungua mdomo.

"Kimechukuliwa. Dakika ishirini baada ya wewe kutoka."

"Niweke popote. Niweke na mizigo."

"Kaka, imejaa. Nina watu wanne wanaosubiri mtu afe wapate kiti." Akavaa miwani, akatafuta, akavua. "Jumamosi. Moja tu. Milioni moja, laki nne na elfu themanini, na hii hairudishwi hata ufe. Nikuwekee bima?"

"Hapana."

"Elfu sitini tu."

"Sighairi tena. Kata."

Alilipa. Kisha akakaa kwenye kiti cha plastiki na kumpigia simu mdogo wake.

"Kaka. Uko uwanjani?"

"Nakuja Jumamosi."

Nyuma ya mdogo wake palisikika kengele ya mashine na mtu akiongea lugha ya kule. "Ndege tena?" aliuliza.

Angeweza kusema ndiyo. Ingepita kabisa, kampuni ile ilishafuta moja. "Hapana," alisema Baridi. "Ni mimi."

Alimsikia mdogo wake akivuta pumzi, taratibu, kama anavyofanya akipanda ngazi. Alisubiri matusi. Angeyapokea kwa shukrani.

"Jumamosi basi," mdogo wake alisema. "Mwalimu nitamwambia ni ndege. Na wewe ukifika useme ni ndege."

"Ijumaa je? Barua ilisema..."

"Najua barua ilivyosema, kaka. Nimeisoma mara nyingi kuliko wewe."

Akakata.

Baridi alitua Jumapili alfajiri. Nafasi yao ilikuwa imeshapewa ndugu wawili wengine, na iliyofuata ilikuwa baada ya wiki tatu. Shemeji aliiandikia kampuni ya ndege barua tatu kali, zenye tarehe na mistari iliyopigwa kwa rula, na Baridi ndiye aliyetumwa kuzipeleka. Katika wiki ya pili ya kungoja, mrija wa shingoni uliingiwa na vijidudu. Mdogo wake alitetemeka siku tano na homa haikushuka. Madaktari walimwita Shemeji, wakamwambia ipo dawa ya kuua vijidudu vilivyoingia kwenye damu, lakini kwa mtu asiye na figo dawa hiyo inaweza kula masikio. Shemeji alitia sahihi.

Upasuaji ulifanyika mwisho wa zile wiki tatu, Jumanne. Walimfunika Baridi puani wakamwambia ahesabu. Alifika nne. Aliamka akiwa na kiu na maumivu kama amepigwa teke na punda, na kitanda cha pili mdogo wake alikuwa anakojoa kwenye mfuko, kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mmoja na nusu. Figo ilishika. Inafanya kazi hadi leo.

Gharama ni hizi. Kwa tiketi yake, juu ya bei ya ile ya nafuu na bima, laki tano na elfu sabini. Kusafishwa damu mara tisa zaidi, laki mbili na elfu ishirini kila mara: milioni moja, laki tisa na elfu themanini. Chumba cha kupanga, siku ishirini na moja kwa elfu thelathini: laki sita na elfu thelathini. Dawa za homa na kitanda cha wodini: laki nane na nusu. Tiketi za kurudi za watu wawili, maana zile za nafuu tarehe ilipita: milioni moja na laki mbili. Bima haikulipa kitu. Jumla milioni tano, laki mbili na elfu thelathini. Pampu haikurudi, mwenzake alikataa kuiuza. Mdogo wake, sikio la kushoto, halisikii kabisa.